Hewa ya Sebuleni na Hewa ya Jikoni

Kwa kuwa kazi yangu ya miaka mingi imekuwa ni kuingia majumbani mwa watu kutazama mambo ya siha yao, nimekwisha kukaribishwa katika mabaraza na masebule yasiyo na idadi, tangu nyumba za mawe za Unguja hadi vyumba vya kupanga vya Tanga na Dar es Salaam, na kote ada imekuwa ni ile ile: mgeni hupewa kiti kilicho karibu na dirisha, huvutwa pazia ili apate upepo, huwashiwa pangaboi, na wenyeji wakiwa ni watu wa kutukuza wageni huletwa chetezo kikafukizwa udi. Ni heshima kubwa, nami naishukuru. Walakini heshima hiyo ndiyo iliyonichelewesha kutanabahi kwamba mgeni hupewa hewa iliyo bora kuliko zote zilizomo nyumbani, ilhali yule anayemchemshia chai yuko nyuma ya ukuta mmoja tu, ameinamia jiko la mkaa analolipepea kwa kipande cha boksi, mtoto mgongoni, akivuta hewa nyingine kabisa. Tangu siku niliyoomba ruhusa ya kuketi jikoni badala ya sebuleni, na nikaketi hapo muda wa kupika wali na mchuzi, sijaweza tena kuandika katika daftari langu kwamba nyumba fulani ina hewa njema au hewa mbaya, kwa maana nyumba haina hewa moja.

Neno hili laweza kuonekana jepesi, lakini uzito wake ulidhihirishwa kwa vipimo. Mwaka 2001 watafiti Majid Ezzati na Daniel Kammen walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya kazi waliyoifanya katika ranchi ya Mpala, huko Laikipia nchini Kenya, ambako kwa muda uliozidi miaka miwili waliwafuatia watu 345 wa kaya 55, wakipima moshi na wakati huo huo wakiandika nani amekaa wapi, kwa muda gani, na akitenda kazi gani. Waliona kwamba wastani wa moshi wa siku nzima huficha zaidi ya unavyofichua, kwa sababu moshi haukai sawasawa: hupanda ghafula moto unapowashwa, kuni zinapoongezwa, au chungu kinapoepuliwa, kisha hushuka, na katika dakika hizo za kupanda, aliye karibu kuliko wote ni mpishi. Mwanamume aliyekaa mlangoni mwa nyumba ile ile, chini ya paa lile lile, huwa kwa hesabu ya mapafu yake anaishi katika nyumba nyingine.

Jambo la pili walilolipata ndilo ambalo mimi huliona kuwa ufunguo wa mjadala wote, na aghalabu watu hulipita. Uhusiano wa moshi na maradhi ya kifua haukupanda kama ngazi iliyonyooka. Ulipanda kwa kasi sana katika viwango vya chini vya moshi, kisha kadiri moshi ulivyozidi kuwa mwingi, ndivyo ongezeko la maradhi lilivyopunguza mwendo. Maana yake ni kwamba mtu aliye katika moshi mwingi mno, ukimpunguzia nusu ya moshi huo, hujampunguzia nusu ya maradhi. Umemteremsha kutoka juu ya mlima hadi mahali ambapo mteremko wenyewe ungali haujaanza. Faida kubwa iko chini kabisa, karibu na hewa safi, na asiyefika huko amefanya kazi kubwa akapata ujira mdogo.

Nitaeleza kwa nini moshi una madhara, kisha nirudi kwenye hoja. Moshi ni mchanganyiko wa hewa zenye sumu na chembe ndogo mno, na zile ambazo matabibu huziogopa zaidi ni zisizozidi mikroni 2.5 kwa upana, yaani ndogo kuliko unene wa unywele mmoja kwa zaidi ya mara ishirini. Vumbi kubwa hunaswa puani na kooni likatoka kwa chafya au kohozi. Chembe hizi hazinaswi, bali hushuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya pafu, ambako damu hubadilishana hewa, na athari yake huenea kupita kifua, ikafika kwenye moyo na mishipa ya ubongo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka cha chembe hizi kutoka mikrogramu 10 hadi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Jikoni mwa kuni, saa ya kupika, kipimo husoma mamia, na mara nyingi hupita elfu. Shirika hilo hilo limekadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walifariki kwa maradhi yatokanayo na moshi wa majumbani, na miongoni mwao watoto walio chini ya umri wa miaka mitano walizidi 237,000.

Basi, watu wamejaribu tiba. Katika milima ya San Marcos nchini Guatemala, kaya zilipewa majiko yenye dohani, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba moshi uliowafikia watoto ulipungua kwa kiasi cha nusu. Nimonia kwa jumla haikupungua kwa kiasi cha kutosha kuthibitika, lakini nimonia kali ilipungua kwa takriban theluthi moja. Nchini Malawi, katika wilaya za Karonga na Chikhwawa, watoto 10,750 walifuatiliwa, nusu yao wakitoka katika kaya zilizopewa majiko yaliyoboreshwa, na hapo haikuonekana tofauti yoyote ya nimonia. Na nisingekuwa na insafu lau ningeificha habari ya tatu, kwamba jaribio kubwa lililofanywa Guatemala, Uhindi, Peru na Rwanda, ambamo kaya 3,200 zilishiriki na nusu yao zikapewa majiko ya gesi na gesi ya bure, lilishusha sana moshi uliowafikia kina mama wajawazito, walakini uzito wa watoto wakati wa kuzaliwa na nimonia ya uchangani havikubadilika kwa kiasi cha kuthibitika.

Wako wanaosoma habari hizi wakasema kumbe moshi si kitu. Mimi nazisoma kwa namna nyingine. Malawi inanifundisha kwamba jiko moja jipya ndani ya kijiji kinachochoma takataka, ambamo jirani apika kwa kuni hatua kumi kutoka dirishani, halimtoi mtoto katika moshi. Guatemala inanifundisha kwamba nusu ni nusu. Na jaribio la nchi nne linanifundisha subira, kwa kuwa lilipima mambo machache ya mwanzo wa uhai, ilhali mapafu ya mwanamke aliyepika miaka arubaini, moyo wake na macho yake yaliyoingia mtoto wa jicho, hayasomwi katika miezi kumi na minane.

Nirudi kwetu. Serikali ya Tanzania mwezi Mei mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikikusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanapika kwa nishati hiyo, na siku chache baadaye Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa Paris uliohusu jambo hilo hilo kwa bara zima la Afrika. Ni azma ya kusifiwa. Lakini nikiingia jikoni ambako mtungi wa gesi umekwisha kufika, ninachokiona mara nyingi ni mtungi na jiko la mkaa vimesimama bega kwa bega: gesi kwa chai ya asubuhi, mayai na kupasha kiporo, mkaa kwa maharage, makande, kongoro, ndizi za nyama na kila kinachotaka saa mbili za moto. Ukimuuliza mama, jibu lake ni la kiuchumi na lina mantiki kamili: gesi hununuliwa mtungi mzima kwa pesa nyingi za mara moja, mkaa hununuliwa kwa kopo, na mwenye kipato cha siku hununua cha siku. Kwa hesabu ya Laikipia, kaya hiyo imeteremka mlima nusu. Kwa hiyo mimi, nikiulizwa mageuzi yaanzie wapi, sisemi yaanze kwenye chai. Nasema yaanze kwenye maharage. Kulowekwa usiku kucha hupunguza muda wa moto sana, na pale palipo na umeme, lile sufuria la presha la umeme ambalo sasa lauzwa madukani huivisha kilo ya maharage kwa chini ya uniti moja. Aliyeondoa mkaa katika vyakula vigumu ameondoa saa nyingi za moshi. Aliyeuondoa katika chai ameondoa dakika kumi.

Juu ya mkaa lazima nikae kidogo, kwa maana ndiyo nishati ya miji yetu, na sifa yake ndiyo hatari yake. Husemwa mkaa hauna moshi, na kwa jicho ni kweli: ukishashika vizuri, huwaka mwekundu, kimya, pasipo kumwaga chozi la mpishi, na hivyo watu huuamini wakauingiza ndani. Lakini mkaa unaowaka kwa hewa chache hutoa kwa wingi hewa iitwayo kaboni monoksidi, isiyo rangi, isiyo harufu, isiyowasha koo, ambayo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara mia mbili. Mtu huwa anapumua, kifua kinapanda na kushuka, ilhali damu yake imekwisha kukaliwa na mgeni asiyeondoka. Huanza kuumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, hulegea miguu, na kwa kuwa akili nayo hulegea, hata akimaizi kwamba pana jambo, huenda asiweze kuufikia mlango. Kila msimu wa baridi, mwezi Juni hadi Agosti, katika nyanda za juu kama Njombe na Mbeya, na huko Nairobi na Limuru, wako watu wanaoingiza jiko chumbani, wakafunga madirisha, wakalala. Na wako wasioamka. Hakuna namna ya kulifanya jiko hilo kuwa salama kwa usiku. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi, kuweka sufuria ya maji juu yake hakusaidii lolote, na jiko lenye udongo ndani, ambalo mafundi wa Kenya walilieneza tangu miaka ya 1980 likapunguza sana matumizi ya mkaa, liliokoa pesa na misitu, wala halikuondoa sumu hii. Aliyezidiwa atolewe nje mara moja, na apelekwe hospitali kupewa oksijeni hata akisema amepata nafuu, kwa sababu kwa hewa ya kawaida damu huchukua kiasi cha saa nne au tano kuondoa nusu tu ya sumu hiyo.

Sasa upo upande wa pili wa jambo hili, nao ni nyumba yenyewe, na hapa nakiri kwamba nazungumza kwa mapenzi. Wajenzi wa kale wa Lamu na Unguja hawakuwa na kipimo cha mikrogramu, lakini walikuwa na kusi na kaskazi, wakaujengea upepo kama wanavyomjengea mgeni. Boriti za mikoko ziliwalazimisha wajenge vyumba vyembamba, nao wakavipa dari refu. Katikati wakaacha kiwanda, yaani ua wa ndani, kilicho wazi kwa mbingu, ambamo hewa yenye joto hupanda ikatoka na kuivuta iliyo baridi kutoka chini. Na jiko, katika nyumba nyingi za ghorofa, wakaliweka juu kabisa, ili moshi ukitoka usiwe na pa kupita ila angani. Nayo nyumba ya kawaida ya Mswahili, ya vyumba sita na paa la makuti, ilikuwa na ukumbi uliopasua katikati, mlango wa mbele ukitazamana na mlango wa uani, na kuta za vyumba hazikufika paani. Jiko lilikuwa uani. Sisemi bibi zetu hawakuvuta moshi, maana macho yao yalishuhudia kwamba waliuvuta. Nasema upepo ulikuwa na njia.

Njia hiyo tumeiziba kwa mikono yetu, na kila kizuizi kilikuwa na sababu njema. Makuti yakawa bati, kisha chini ya bati ikapigwa siling bodi. Uani pakaongezwa vyumba vya kupangisha, kisha pakaezekwa, na jiko lililokuwa uani likahamia ukumbini, ambako sasa kila mpangaji huweka jiko lake mbele ya mlango wake. Madirisha ya mbao yaliyofunguka yote yakawa ya vioo vya kuteleza, ambavyo hufunguka nusu tu, na wavu wa mbu uliojaa vumbi hupunguza nusu hiyo. Walio na uwezo wameweka kiyoyozi, wakidhani kinaleta hewa mpya. Kile cha kawaida cha ukutani hakileti hata chembe, bali huichukua hewa ile ile ya chumbani, huipoza na kuirudisha. Mwanasayansi Max von Pettenkofer alipokuwa akipima hewa za majumba huko Munich, mwaka 1858, alisema kwamba chumba ambamo hewa ya ukaa inayotolewa na pumzi za watu imepita sehemu moja katika elfu, hakifai kukaliwa. Chumba cha kulala watu wanne, madirisha yamefungwa na kiyoyozi kinavuma, hupita kiwango hicho bila ya taabu. Na huko Lima, nchini Peru, watafiti waliopima wodi za hospitali, wakachapisha matokeo yao mwaka 2007, waliona kwamba majengo ya zaidi ya nusu karne, yenye dari refu na madirisha makubwa, yalibadilisha hewa yake mara 40 kwa saa madirisha yakiwa wazi, ilhali ya kisasa yalibadilisha mara 17, na vile vyumba vilivyotegemea mashine mara 12. Hesabu hiyo waliifanya kwa ajili ya kifua kikuu, maradhi ambayo katika vyumba vyetu vya kupanga si mageni.

Mambo madogo madogo nayapitia upesi. Koroboi iondoke, kwa kuwa utambi wake ulio wazi hugeuza sehemu ya mafuta ya taa kuwa masizi matupu, na taa ya jua sasa ni rahisi. Dawa ya mbu ya duara, ile ya kuchoma, ilipopimwa mwaka 2003 ilionekana kwamba duara moja hutoa chembe sawa na za sigara 75 hadi 137. Chandarua hufanya kazi ile ile pasipo moshi. Rangi ya mafuta na makabati ya mbao za kubandikwa hutoa hewa kali siku za mwanzo, basi chumba kipya kiachwe wazi majuma kadhaa kabla ya kulaliwa. Kuvu ya masika ifuatwe kwenye bomba au bati linalovuja, si kwa kupaka rangi juu yake. Na hata gesi yataka dirisha, kwa sababu mwali wake nao hutoa hewa zinazowasha kifua; tena gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hulala sakafuni, na tundu la juu peke yake halitoshi kuitoa.

Kuhusu udi na ubani, naomba nisomwe kwa upole. Ni sehemu ya utu wetu, na sitaki kumwona bibi harusi asiyefukizwa. Lakini moshi wenye manukato ni moshi, na mahali pamoja ambapo naomba tuache ni chumba cha mzazi katika siku zake arubaini, ambamo mtoto mchanga hulala saa zote na mlango umefungwa asipigwe na upepo. Nguo na zifukizwe ukumbini, kisha ziletwe. Harufu hubaki katika kanga. Chembe hubaki nje.

Mwaka jana niliitwa katika nyumba moja ya kupanga mjini Tanga, ambamo watoto wawili wa wapangaji tofauti walikuwa hawaishi kupelekwa zahanati kwa kifua. Wanawake watatu walikuwa wakipikia ukumbini, na mlango wa uani ulikuwa umezibwa kwa kabati tangu mpangaji mmoja alipoibiwa. Niliwasha kijiti cha udi, nikasimama nacho katikati ya ukumbi, na moshi wake ukapanda wima, ukagonga dari, ukatandaa hapo kama wingu lisilo na pa kwenda. Mzee mwenye nyumba alitazama kimya, kisha akasema, “Bwana Afya, mlango huu ulijengwa na marehemu baba yangu, na enzi zake haukufungwa hata usiku.” Nikamwambia, “Basi mzee wangu, tuurudishe alivyouacha, tutie wavu na komeo.” Kabati likaondolewa siku ile ile, fundi akaja baadaye, akatia mlango wa nondo, na juu yake akapanga mistari miwili ya matofali ya matundu. Nilirudi na kijiti kingine wakati kusi imeshika. Moshi wake uliinama kabla sijaunyoosha mkono, ukafuata ukumbi wote hadi nyuma, ukatoka. Mpangaji wa chumba cha tatu angali anapika maharage kwa mkaa, kwa kuwa mtungi bado hajaumudu, ila sasa hupikia uani, chini ya kibanda cha bati kisicho na kuta, na mtoto humwacha kwa bibi yake barazani.